Kompyuta ya saiba imekataa kuwaka tangu stima irudi, feni inashtuka tu kisha kimya

saiba_ya_kona (Kisumu), Jumanne saa 12:50 jioni

Wadau habari za jioni. Naomba msaada kabla nipasuke kichwa. Niko na kasaiba kadogo huku Kondele, mashini nne, na hii moja ndio tegemeo juu ndio iko na printa na skana na ndio nafanyia watu returns za KRA (zile za ushuru), na mnajua tarehe 30 Juni ikikaribia watu wanakuja mbio kama wameota usiku kwamba wanadaiwa.

Jana kama saa mbili na nusu usiku stima ikapotea mtaa mzima. Wateja walikuwa wawili ndani, mmoja alikuwa anaprinti CV, giza likaingia ghafla tukaanza kutafutana na tochi za simu, yeye akang'oa flashi yake akaenda zake na mimi nikafunga duka. Stima ilirudi nikiwa nimelala. Leo asubuhi nawasha swichi ya ukuta, zile tatu zingine zikawaka bila maneno, hii yangu nikibonyeza batani feni inazunguka kama nusu mzunguko, taa ya mbele inamulika mara moja, halafu kimya. Hakuna bipu, hakuna kitu kwa skrini. Nikibonyeza tena haifanyi chochote mpaka nichomoe waya ukutani ningoje kidogo, ndio inashtuka tena vile vile.

Kuna fundi amepita hapa akaiangalia dakika tano, hata kifuniko hakutoa, akasema madabodi (ile bodi kuu ya ndani) imechomwa na stima, elfu sita na mia tano, na anaenda nayo. Hiyo pesa sina wiki hii. Mashini ni ex-UK, ile ya kusimama wima, niko nayo mwaka wa tatu. Iko kwa ekstensheni ya kawaida, UPS (lile boksi la betri la kushikilia mashini stima ikipotea) sina, tafadhali msinichape sana kwa hilo.

mzee_wa_radi (Kakamega), saa 1:15 usiku

Mulembe dada. Pole sana. Huku kwetu radi ikianza mchana sisi tunachomoa kila kitu mpaka redio, juu tumefundishwa na hasara. Mimi nimepoteza mashini mbili, na moja haikupigwa kwa waya wa stima, ilipigwa kupitia kebo ya intaneti, bodi ikatoa harufu ya samaki aliyeungua. Stima ikirudi huwa inarudi kwa nguvu ya ajabu sekunde za kwanza. Wewe uliacha swichi ya ukuta ikiwa imewashwa usiku? Kama uliacha, mimi naona huyo fundi hajakosea.

saiba_ya_kona, saa 1:22 usiku

@mzee_wa_radi hapana mzee, nilizima zote ukutani kabla ya kufunga. Hiyo ndio tabia moja nzuri niko nayo. Na harufu hakuna.

bando_limeisha, saa 1:30 usiku

Dawa ya desktop ni kununua laptop. Stima ikienda hata huskii.

bisibisi_baridi (Nakuru), saa 1:48 usiku

@bando_limeisha asante kwa mchango, mtu ameuliza njia ya kwenda Kibuye wewe unamwambia ahamie Mombasa.

Dada, usimpe huyo mtu mashini. Kwanza kama ulizima ukutani kabla stima irudi basi ile nguvu ya kurudi haikuifikia, hiyo hadithi ya kuchomwa tayari inachechemea. Pili, hiyo nusu mzunguko ya feni ndio habari nzuri kwa hii story yote. Maana yake plagi iko sawa, fyuzi ya ndani ya plagi ni nzima, batani inasikika, bodi inaomba pawa, pawa saplai (lile boksi la ndani linalogawia mashini stima) inaanza kutoa halafu inakata yenyewe. Na vile unasema haitikii tena mpaka uchomoe waya, hiyo ndio tabia ya pawa saplai iliyojikinga, imeona shoti mahali, yaani stima inapita njia ya mkato, ikajifunga. Kwa hivyo kazi yako ni kujua ni nani mgonjwa, ni pawa saplai yenyewe ama ni kitu fulani inacholisha.

Fanya hivi. Chomoa waya ukutani, kisha ubonyeze batani ya kuwasha na uishikilie kama sekunde 15 ili stima iliyobaki ndani iishe. Fungua kifuniko cha ubavuni. Utaona rundo la waya kutoka kwa pawa saplai, na moja ina plagi kubwa ya matundu 24 imeingia kwa bodi. Itoe, iko na kaulimi pembeni, bonyeza kwanza usivute kwa hasira. Kwa hiyo plagi tafuta waya wa kijani, ni mmoja tu. Kunjua klipu ya karatasi, mguu mmoja kwa tundu la kijani, mguu wa pili kwa tundu lolote la waya mweusi, ndio sasa urudishe waya ukutani. Hapo hakuna batani, feni ya pawa saplai inafaa kuzunguka yenyewe na iendelee. Wacha DVD ama hadi diski (hard disk, ile ya kuweka mafaili) ikiwa imeunganishwa wakati wa hii kazi juu kuna pawa saplai zingine hazipendi kuwaka bila mzigo wowote.

Lakini kama plagi kubwa ni ya matundu 8 tu, kama zile Dell Optiplex 3020, achana na hii ya klipu kabisa, waya zao zina mpango wake.

Na lile boksi la pawa saplai lenyewe USILIFUNGUE. Mle ndani kuna kepasita, kale kadude ka kuhifadhi stima, inabeba zaidi ya volti 300, na inaweza kukaa nazo hata baada ya kuchomoa. Sitaki kusikia umetupwa hadi kwa duka la jirani.

kiangazi, saa 2:05 usiku

Badilisha betri ya bodi. Ya kwangu ilikuwa hivyo hivyo.

bisibisi_baridi, saa 2:11 usiku

Ile CR2032? Betri ikiisha saa inarudi nyuma na mashini inakuuliza mipangilio kila asubuhi, na kuna bodi chache zinaleta kiburi, ni kweli. Lakini betri ya volti 3 haifanyi pawa saplai ijikate nusu mzunguko. Kununua anunue, ni bei ya soda, ila asiweke tumaini hapo.

saiba_ya_kona, saa 3:20 usiku

Nimerudi. Jamani nimeaibika. Nimefungua kifuniko na kwanza nilidhani kuna mtu ameweka pamba ndani. Vumbi limeshikana na wale wadudu wa ziwa, wamekauka wakawa kama unga wa kijivu, feni ya prosesa (ile chipu kuu) huioni mbawa. Wale wadudu usiku wakiona taa wanaingia hata kwa tundu la sindano. Nimetoa na brashi ya rangi mpya, nikapuliza, nikakohoa mpaka mtoto akaniletea maji.

Plagi ni ya matundu 24. Klipu nimeweka, mkono unatetemeka lakini nimeweka. Feni ya pawa saplai INAZUNGUKA na haisimami, nimeiacha dakika kumi. Jirani anatengeneza redio na yeye bado alikuwa hajafunga, amenikopesha mita ya kupima volti. Waya wa njano 12.1, mwekundu 5.07, wa rangi ya chungwa 3.34. Hizo ni nzuri ama mbaya?

bisibisi_baridi, saa 3:31 usiku

Dada wewe ni fundi na hukuambiwa. Hizo ni nzuri sana. Inakubaliwa kupanda ama kushuka asilimia 5, yaani ya 12 ikae kati ya 11.4 na 12.6, ya 5 kati ya 4.75 na 5.25. Uko katikati kabisa. Na hao wadudu usiwadharau, sisi huku Nakuru shida yetu ni vumbi kavu, linapuliziwa linatoka, lakini nyinyi ziwa linawapea vumbi lenye nyama.

mzee_wa_radi, saa 3:40 usiku

Mita bila mzigo haisemi yote. Pawa saplai inaweza kuonyesha 12 ikiwa imekaa bure, ukiipea bodi na prosesa inaanguka. Ni kama mtu anasema anaweza kubeba gunia la mahindi, mpe gunia ndio ujue. Si uko na mashini zingine tatu? Azima pawa saplai ya moja ujaribu, bora plagi zifanane.

saiba_ya_kona, Jumatano saa 3:05 asubuhi

Nimeazima ya mashini namba tatu, plagi zinafanana. Nimeunganisha ile kubwa na ile ndogo ya waya nne karibu na prosesa. Kitu ni kile kile. Nusu mzunguko, kimya. Halafu ile pawa saplai yangu nimeweka kwa namba tatu na namba tatu imewaka vizuri, saa hii kuna mama anaitumia kuangalia mambo ya KUCCPS (wale wa kugawa nafasi za vyuo) ya kijana wake. Kwa hivyo si pawa saplai. Basi ni madabodi, si ndio? Fundi amepita tena hapa nje akanisalimia kwa sauti ya mtu anayejua utamwita.

bisibisi_baridi, saa 3:18 asubuhi

Bado. Hapo umetoa mshukiwa mmoja tu, na mzee wa Kakamega apewe heko, hiyo ya kubadilishana ilikuwa jaribio bora kuliko langu. Sasa vua hiyo bodi kila kitu. RAM (zile kadi za kumbukumbu) zote toa, hadi diski chomoa waya zote mbili, DVD chomoa, kama kuna kadi ya skrini ama ya intaneti imechomekwa toa. Ibaki bodi, prosesa na feni yake, pawa saplai, basi. Hadi diski iweke pembeni salama, kazi za watu ziko mle na mpaka sasa hakuna sababu ya kudhani imeguswa.

Washa. Bodi nzima ikikosa RAM inafaa kubaki inawaka na kulalamika, zingine zinapiga bipu, kwa zile HP Compaq za zamani kama 8000 Elite utaona taa nyekundu inapiga mara tano na bipu tano, hiyo maana yake ni RAM haionekani. Ukisikia kelele furahi. Angalia pia kama kuna skrubu imeanguka chini ya bodi ikagusana na bati, na zile kepasita za kusimama karibu na prosesa kama kuna iliyofura kichwa ama kutoa majimaji ya kahawia.

saiba_ya_kona, saa 4:40 asubuhi

Nimevua. RAM mbili nimezitoa, nimezisugua miguu na raba ya penseli nikiwa hapo hapo, hadi diski na DVD nje, kadi hakuna. Kepasita zote vichwa viko bapa. Skrubu hakuna, nimeinua mashini nikaitikisa kama debe. Nawasha. NUSU MZUNGUKO. Kimya. Hakuna bipu hata moja.

Kusema ukweli nimechoka. Watu wanauliza mbona leo hakuna skana.

bisibisi_baridi, saa 4:52 asubuhi

Hmm. Hapo hata mimi naanza kuangalia bodi kwa jicho baya. Jaribio la mwisho, ile plagi ndogo ya waya nne karibu na prosesa, mbili za njano mbili nyeusi, itoe peke yake uwashe. Feni ikibaki inazunguka bila kukata, shoti iko upande wa prosesa na hapo ni bodi kweli ama prosesa yenyewe. Ikikata vile vile, shoti iko mahali pengine.

saiba_ya_kona, saa 5:03 asubuhi

Imekata vile vile.

mwalimu_wa_maabara (Bungoma), saa 5:20 asubuhi

Samahani nimeingia nimechelewa, nilikuwa darasani. Nimesoma kutoka juu na kuna sentensi moja mumeruka wote. Dada ulisema stima ikipotea kijana wa CV *aling'oa* flashi yake gizani. Hiyo flashi ilikuwa imechomekwa wapi, mbele ama nyuma?

Nauliza juu mimi niko na maabara ya kompyuta za shule, na wanafunzi wangu hawachomoi flashi, wanaing'oa, na asiyeing'oa anaichomeka kichwa chini na kusukuma mpaka iingie. Yale matundu ya USB ya mbele yana kipande cha plastiki ndani na miguu minne ya shaba. Mguu wa kwanza unabeba volti 5, wa nne ni wa kurudi. Plastiki ikivunjika huo wa kwanza unapinda unagusa bati la pembeni, na hilo bati limeunganishwa na ule upande wa kurudi. Hiyo ni shoti kamili, imekaa hapo mbele watu wote wakiiona.

Na hata ukivua RAM na diski haitabadilika, kwa sababu hiyo kebo ya USB ya mbele bado imechomekwa kwa bodi. Hakuna aliyekuambia uitoe.

Chomoa zote zinazotoka mbele ya boksi: ya USB ni ile ya miguu tisa na tundu moja limezibwa, ya sauti inafanana nayo, na zile nyembamba za batani na taa. Kabla ya kutoa piga picha na simu, tafadhali, nimewahi kukaa siku nzima nikitafuta waya wa taa unaenda wapi. Halafu pale batani ilipokuwa imechomekwa kuna miguu miwili, mara nyingi pameandikwa PWR. Iguse yote miwili pamoja na ncha ya bisibisi sekunde moja tu, uachilie. Hiyo ndio kubonyeza batani bila batani, na itatusaidia pia kama batani yenyewe imekwama na uchafu, juu batani iliyokwama inazima mashini baada ya kama sekunde nne.

bisibisi_baridi, saa 5:26 asubuhi

Mwalimu. Nimevua kofia. Flashi niliisoma nikaipita kama basi la usiku.

saiba_ya_kona, saa 6:02 mchana

IMEWAKA

saiba_ya_kona, saa 6:09 mchana

Nimepiga kelele mpaka jirani wa redio akaja na koleo akidhani nimevamiwa. Nilitoa kebo zote za mbele, nikagusa ile miguu na bisibisi, feni ikazunguka, ikazunguka, HAIKUSIMAMA, na ikaanza kulia pii pii pii ndefu. Nimezima, nimerudisha RAM moja, ikanyamaza ikaleta picha. Nimerudisha ya pili. Nimerudisha hadi diski. Windows imefunguka na CV ya yule kijana bado iko kwa foleni ya printa inangoja.

Nikamulika tundu la mbele na tochi. Kumbe ile plastiki nyeupe ya ndani imevunjika imebaki kipande, na mguu mmoja wa pembeni umekunjwa kama ndoano umelalia bati. Umbali wa unywele. Nimeketi hapa chini dakika mbili nikiutazama tu. Siku mbili na elfu sita na mia tano, kwa kile kitu.

kiangazi, saa 6:15 mchana

Lakini si bodi huwa na fyuzi ndogo za USB? Mbona ikate mashini yote?

mwalimu_wa_maabara, saa 6:34 mchana

Nyingi ziko nazo, na zikifanya kazi vizuri unaona maandishi kwa skrini kwamba USB imezidisha stima kisha mashini inazima baada ya sekunde kadhaa. Lakini hizo fyuzi huchukua muda kidogo kupata joto ndio zikate, na pawa saplai ina mkono mwepesi kuliko hizo. Ikiwahi kuona volti 5 zinaanguka inakata kila kitu, haiulizi ni tundu gani. Ndio maana bodi haikupata hata nafasi ya kupiga bipu.

Dada, rudisha waya za batani na taa, ya sauti pia. Ya USB ya mbele iache nje. Hilo tundu usijaribu kulinyoosha na sindano ukatumia tena, litarudi tu kukufanyia hivyo siku mbaya zaidi. Ukipata ile kebo ya mbele nzima kwa mashini iliyokufa, kwa mafundi wanaouza za kuvunjwa, badilisha.

mzee_wa_radi, saa 6:50 mchana

Mimi nakubali nilimpa stima lawama bure. Lakini dada bado nunua UPS, hata ndogo, ya hiyo mashini moja ya returns. Ikikupa dakika tano za kuseva kazi na kumwambia mteja *ngoja nikutolee flashi mimi* imejilipa. Na stima ikirudi ngoja kidogo itulie ndio uwashe. Hayo nayasema si kwa sababu ya hii kesi, ni kwa sababu naishi Kakamega.

saiba_ya_kona, saa 1:40 usiku

Nimeshukuru wote, mzee, Nakuru, na mwalimu zaidi. Hata wewe wa laptop. Tundu la mbele nimeziba na selotepu nyeusi, kebo ya USB imekaa nje nimeikunja, na nimechomeka kebo ya kurefusha nyuma nikaivuta mpaka mezani, flashi zote sasa zinaingia hapo na mimi ndio nachomeka. Leo nimefanya returns za watu 11. Fundi amepita saa kumi, akaona mashini inawaka, akauliza nani ametengeneza, nikamwambia ni watu wa Bungoma.

Na yule kijana wa CV amekuja jioni. Anasema flashi yake haisomi tangu juzi, imepinda mdomo, na anataka nimrudishie shilingi 20 zake za kuprinti.